Tipoyi Namba Arobaini na Moja

Tipoyi iliyombeba baba yangu kwenda hospitali ilifika nyumbani kwetu siku tatu kabla hajaugua. Ilifika Jumapili, jua likiwaka, sisi sote tukiwa tumekwenda ibadani. Yeye aliugua Jumatano asubuhi. Nimelipanga jambo hili kwa siku na kwa saa mara nyingi, kama ninavyopanga habari za redio ninakofanya kazi, na kila mara siku hizo tatu zinabaki palepale.

Kwetu, juu ya Bihambwe, kuna vilima ambavyo gari halijawahi kuvifikia, na pikipiki huvifikia wakati wa kiangazi tu. Mgonjwa asiyeweza kukaa hubebwa kwa tipoyi: mianzi miwili mirefu, na katikati kitanda kilichosukwa kwa kamba za porini. Kila kilima kina tipoyi yake, na wanaume wa kilima hupokezana mabega. Wanne hubeba mgonjwa. Tipoyi isiyo na mtu hubebwa na mmoja peke yake, kichwani, kama anavyobeba mkeka.

Ila haitembei tupu. Akipona mgonjwa na kurudi kwa miguu yake, lazima kitu kilale mahali pake: ukuni, jiwe, hata kifungu cha majani ya muhogo. Watu husema tipoyi inayorudi tupu inaendelea kutafuta. Hawasemi inatafuta nini.

Baba yangu alikuwa msimamizi wa hospitali ndogo bondeni, nusu saa kutoka nyumbani, ng'ambo ya kijito. Watu wote walimwita Papa Gestionnaire, hata sisi watoto tulipotaka kumchokoza. Alizaliwa Kirotshe, kando ya ziwa, na mambo ya tipoyi aliyakuta ukubwani. Hakuyaamini. Alikuwa shemasi, na alisema yeye hasomi roho ya mianzi, anasoma daftari. Lakini aligundua kwamba watu wa vilima viwili waliwahi kubadilishana tipoyi kwa makosa, na ugomvi wake ulichukua mwaka mzima. Basi akafungua daftari la tipoyi.

Nadhani hakuna hospitali nyingine yenye daftari kama lile. Tipoyi ikifika, alifunga kwenye mwanzi wake kibao kidogo cha mti chenye namba, akaisimamisha nyuma ya duka la dawa. Ikiondoka, alikifungua kibao na kukitundika kwenye msumari ofisini. Daftari lilikuwa na safu sita: namba, kilima, mgonjwa, wabebaji, siku ya kufika, siku ya kuondoka. Pembeni aliandika kilichowekwa ndani wakati wa kurudi. "Ukuni." "Ukuni." "Jiwe." "Viazi." Alirundika kuni nyuma ya duka la dawa ili mtu asikose cha kuweka. Alisema ni heshima kwa wageni wake. Jambo ambalo hakuliona kwa macho yake hakuliandika, na kisanduku chochote cha daftari hakukiacha wazi. Kama hapakuwa na la kuandika alichora mstari mfupi kwa rula.

Nyumbani alikuwa hivyohivyo. Jumamosi alitupanga kwenye benchi akatukata kucha, wadogo kwanza, akisema kama anayeita wagonjwa wa wodi ya watoto, "Mwingine! Service ya pédiatrie, mwingine!" Mfukoni mwake daima kulikuwa na kipande cha sabuni, na mikono yake ilinukia dawa ya kusafishia sakafu hata siku ya Krismasi. Kioo cha dirisha la jiko kilipovunjika alileta picha ya radio ya hospitali, ile nyeusi inayoonyesha mifupa ya kifua, akaipigilia pale. Tulikua tukila sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, na viazi chini ya mbavu za mtu tusiyemjua, asubuhi jua likipita katikati yake. Mdogo wangu alikuwa akimsalimia. Mama alipolalamika, baba alimjibu, "Acha wasiwasi, mama watoto. Huyu alipona. Asingepona nisingemuleta mu nyumba yangu."

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mtu wa Walikale, mkulima wa msituni na mwindaji. Alipokuja kututembelea na nyama iliyokaushwa kwa moshi alimtania sana baba. "Shemeji, hii kuku inapita, haujaiandika." Baba naye: "Niliiandika jana. Leo iko marehemu, njo hiyo unaikula."

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, siku moja ya soko, milio ya risasi ilisikika juu ya bonde. Baba alikimbia wodi hadi wodi akiwaambia walioweza kutembea waondoke. Kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Walikale, aliyeletwa wiki mbili kabla akiwa hana fahamu, na sasa alikuwa amepona. Watu wake walikwenda nyuma ya duka la dawa wachukue tipoyi yao, wakaanza kutafuta ukuni. Rundo lilikuwa limekwisha. Lilitumika kuwapikia wagonjwa asubuhi ile. Wakaanza kutafuta jiwe. Baba aliwapigia kelele. Mimi nilikuwa pale, nimemletea chakula chake. Nakumbuka sauti yake kwa sababu hakuwa mtu wa kelele:

"Mutafia jiwe? Beba hivyohivyo! Mwende! Mwende!"

Wakaenda. Mmoja aliiweka kichwani, tupu, na wenzake wakatembea mbali naye kidogo, kama watu wasiotaka kuonekana pamoja. Wapiganaji hawakufika bondeni siku ile. Jioni baba alikaa ofisini, akaandika pembeni mwa mstari wa namba arobaini na moja: "Tupu." Ni neno hilo moja tu ambalo halifanani na mengine kwenye daftari lote. Kibao namba arobaini na moja hakukitumia tena. Kilibaki kwenye msumari wake.

Hatukulizungumza. Isipokuwa mara moja, miaka baadaye, nikiwa tayari nafanya kazi redioni, alinisikiliza nikisoma habari kisha akaniuliza nyumbani, "Mutu akikosea kwa sababu ya haraka, kwa redio munasahihisha namna gani?" Nikamwambia tunarudia habari, tunasema kilichokuwa sawa. Akatikisa kichwa. "Muko na bahati," akasema.

Sasa ile Jumapili. Tulitoka ibadani pamoja. Nyumba yetu iko baada ya kona yenye mikaratusi, huwezi kuiona mpaka uipite kona. Mama na mimi tulisimama kuwasalimu watu waliokuwa wamefiwa. Baba alitangulia, alikuwa anataka kuvua viatu vyake vipya. Tulimfuata baada ya dakika tano, pengine sita. Tulipopita kona alikuwa amesimama mbele ya mlango, viatu bado miguuni. Tipoyi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Yeye alikuwa ameshika kibao kilichokuwa kwenye mwanzi, kwa mikono miwili, karibu na macho.

"Nani alileta hii?" mama aliuliza.

"Waliirudisha," baba alisema.

Mianzi ilikuwa ya kijani. Ilikuwa imekatwa siku si nyingi. Ukiikaribia uliisikia ile harufu ya maji ya mti. Kamba nazo zilikuwa mbichi. Lakini kibao kilikuwa cha zamani, kimekuwa cheusi kwa kushikwashikwa, na namba ilikuwa ya mkono wake, ile nne yake iliyofungwa juu. Arobaini na moja. Majirani hawakuona mtu. Wengi walikuwa ibadani, na wale wawili waliobaki, mmoja alikuwa akikamua ng'ombe, mwingine ni kiziwi.

Mama alichukua ukuni jikoni akauweka ndani ya tipoyi. Baba aliutoa taratibu.

"Mama watoto, ukuni ni wa tipoyi inayoondoka. Hii imefika."

"Njo hiyo inanitia woga," mama alisema. "Imefika kwa nani?"

Alicheka. Aliibeba mwenyewe hadi nyuma ya jiko, akasema ataipeleka hospitali watu wakishakata majani yaliyoziba njia. Jumatatu na Jumanne alikwenda kazini kama kawaida. Jumanne jioni alituchambulia maharage, akawaita wajukuu wake wawili, waliokaa nasi, wakapimane urefu kwenye mlango, akaandika alama kwa penseli. Alama hizo zipo.

Jumatano mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri na kijito kilikuwa kimechukua magogo ya daraja. Baba alikuwa akivaa shati. Nilisikia kitu kikianguka, nikakuta amekaa sakafuni, upande mmoja wa uso wake umeshuka, mkono ukitafuta kifungo ambacho kilikuwa tayari kimefungwa. Majirani walikuja. Pikipiki isingeweza kuvuka, na yeye asingeweza kukaa. Tipoyi zote zilikuwa ng'ambo, nyuma ya duka la dawa, na za vilima vya upande wetu zilikuwa hukohuko na wagonjwa wao.

Mtu akauliza, "Tutamubeba na nini?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Iko tipoyi nyuma ya jiko."

Mama aliniangalia. Kisha akaenda kuchukua kitenge cha kumfunika. Wanaume wanne walimbeba, wakavuka kijito kwenye mawe, maji yakiwafika mapajani. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba hawakuhitaji kurekebisha kamba hata mara moja. Urefu ulikuwa wake kabisa.

Alifariki Ijumaa saa nne asubuhi, katika wodi aliyoipaka rangi mwenyewe. Wauguzi walifanya kila walichoweza. Alirudi nyumbani kwa tipoyi ileile, na tulimzika chini ya shamba la ndizi. Bonde lote lilikuja. Watu walileta kuni, kila mmoja ukuni wake, mpaka zikafika dirishani pa jiko na kuziba nusu ya mbavu za yule mtu.

Baada ya maziko wanaume waliiegemeza tipoyi mahali pale pale nyuma ya jiko, na hakuna aliyetaka kuigusa. Siku ya kuondoa kilio ilipokaribia, mama alikataa kuvua kitambaa cheusi. Wazee wa kanisa walikuja kumwomba. Aliwaacha wamalize, kisha akasema, "Ile kitu ina kwao. Irudi kwao na ukuni wake, njo nitavua. Isiporudi itakaa inatafuta, na mimi niko na wajukuu humu."

Alisema "wajukuu", lakini alikuwa akiniangalia mimi, na nilijua kwa nini: mimi ndiye niliyeitaja tipoyi ile Jumatano.

Nilikwenda hospitali nikaomba daftari la mwaka ule. Lilikuwa kabatini, limefungwa kwa kamba, kama kila kitu chake. Kwenye mstari wa arobaini na moja kulikuwa na jina la kilima, upande wa Walikale. Nikamwita mjomba. Alikuja, akaizunguka tipoyi mara mbili bila kuigusa, akanusa kamba.

"Hii kamba ni ya kwetu," alisema. "Huku kwenu haioti."

Tuliondoka naye wawili. Tuliweka ukuni ndani, tukaufunika kwa kitenge cha mama kwa ajili ya mvua. Mwanamke kama mimi habebi tipoyi, lakini mjomba alisema, "Leo uko mwanaume. Tena wewe muntu wa redio, mdomo yako inabeba mizito kuliko hii." Yeye mbele, mimi nyuma. Ukuni ulikuwa mwepesi. Siku ya kwanza tulipita malisho yanayotazama Nyamitaba, ng'ombe wakiwa ndani ya ukungu hadi shingoni, tukalala kwa watu wa kanisa. Siku ya pili tulianza kuteremka kuelekea msitu.

Njiani watu walitupisha. Hiyo ni adabu. Tipoyi ikija, unatoka njiani. Waliuliza, "Muko na nani mule?" na mjomba alijibu, "Muko ukuni," wakacheka kwa wasiwasi. Katika soko moja dogo mama muuza muhogo alikuja bila kuuliza, akaweka mkono juu ya kitenge, mahali ambapo bega lingekuwa, akasema, "Pole, papa." Hatukumsahihisha. Sijui kwa nini alisema papa.

Mchana ule mjomba alisimama mara tatu kupumzika. Ni mtu anayebeba nguruwe pori peke yake.

"Ukuni imekunywa maji," alisema.

Nilifunua kitenge nikaugusa. Ulikuwa mkavu. Nikaufunika, na sikumwambia.

Kilima hakikuwa na watu. Tulikikuta siku ya tatu: mianzi, migomba iliyorudi kuwa ya porini, mawe matatu ya jiko moja na mti umeota katikati yake. Watu wa kijiji cha chini walituambia kwamba kilihamwa mwaka uleule wa risasi, na hakuna aliyerudi. Lakini yule mama, mgonjwa wa namba arobaini na moja, alikuwa hai. Alikuwa anakaa hapohapo chini, kwa mtoto wake.

Alikuwa mtu mzima, mnene, mcheshi, anakausha mpunga kwenye turubai. Nilipomwambia mimi ni binti wa Papa Gestionnaire alinikumbatia na kulia. Kisha akaiona tipoyi na akaacha kulia.

"Munaipeleka wapi?"

"Kwenu, mama. Ni tipoyi yenu. Ilirudishwa kwetu."

"Yetu?" Alimwangalia mjomba kana kwamba yeye ndiye mwenye akili kati yetu. "Yetu tuliivunja. Siku ileile. Tulifika kwa muto, wale wanaume wakasema hawatafika nyumbani na tipoyi tupu. Wakaikata na panga vipande-vipande, wakatupa mu maji. Mimi niko naangalia. Nilitembea na miguu yangu mpaka hapa."

"Na kibao chake?"

"Kibao gani? Papa yako alikifungua mbele yetu. Hata mu ile haraka yote! Wale wanaume walimuchukia: muntu anasema kimbia, kisha anafungua kamba ya kibao."

Nilimwonyesha kibao. Hakutaka kukishika. Niliuliza, kwa utaratibu, maswali yote niliyoweza: nani alisuka tipoyi upande ule, nani alikuwa amekata mianzi siku za karibuni, nani alikuwa amepanda kuelekea Masisi, upande wetu. Mjomba naye aliuliza kwa lugha ya kwao. Wasukaji walikuwa wawili. Wote walikana, na mmoja alikagua mafundo kwa muda mrefu akasema yamefungwa kwa mkono wa kushoto. Baba hakuwa wa kushoto. Wao pia hawakuwa.

Yule mama alitupatia mchele wa njiani, akatuomba, kwa upole sana, tusilale pale.

Tulirudi nayo.

Njia nzima nilijitengenezea maelezo, na ni maelezo mazuri. Baba alibeba lile kosa miaka yote. Akaamua kulisahihisha. Akaagiza tipoyi mpya kwa msukaji wa msituni, tusiyemjua, ailete nyumbani, ili aipeleke mwenyewe kwa wenyewe na ukuni ndani. Akachukua kibao msumarini. Jumapili alitangulia kwa sababu alijua inakuja. Na tulipomkuta ameshika kile kibao, hakuwa akikisoma, alikuwa akikifunga. "Waliirudisha" ulikuwa uongo mdogo wa kumtuliza mama.

Nilikwenda moja kwa moja hospitali kabla ya kufika nyumbani. Sentineli mzee, mlinzi aliyefagia ofisi ya baba tangu ilipojengwa, alinihakikishia nusu ya maelezo yangu.

"Kibao kilikuwa kwa musumari Jumamosi," alisema. "Nilikipanguza. Jumatatu hakikuwa. Na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake."

Nilifurahi hata nikakaa kwenye kiti cha baba. Basi alikichukua mwenyewe. Nilimwomba daftari la sasa, lile alilolitumia hadi Jumanne, ili niandike mwisho wa habari: imeondoka, ukuni, imerudi. Nilitaka kumpelekea mama kitu kilichoandikwa.

Mama alikuwa amefika, amesikia tumerudi. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cheusi, hakuingia.

"Wameikataa?"

"Si yao, mama."

"Basi ni ya nani?"

Nilikuwa nimeshaufikia mstari. Aliuandika Jumatatu, kwa kalamu ya buluu, mwandiko umetulia. Namba: arobaini na moja. Kilima: mstari mfupi wa rula. Siku ya kufika: Jumapili. Siku ya kuondoka ilikuwa bado. Kisanduku cha mgonjwa, yeye ambaye hakuacha kisanduku wazi maisha yake yote, kilikuwa wazi, bila jina na bila mstari.

Nilimsomea mama yote hayo. Safu moja sikumsomea, na sijamsomea hadi leo. Tipoyi iko nyuma ya jiko, ukuni ndani, na mama bado amevaa cheusi. Tipoyi tupu hubebwa na mmoja, na baba yangu hakuandika asichokiona kwa macho yake; katika safu ya wabebaji aliandika: "Wanne."